Nimeze vitamini D ili mifupa yangu isivunjike kama ya mama?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni binti wa miaka 23, nafanya kazi ofisini. Naingia asubuhi na kutoka jua limeshazama. Mama yangu, mwenye miaka 58, aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, akaambiwa mifupa yake imepungua uimara. Nimeingiwa na hofu. Rafiki yangu humeza kapsuli ya vitamini D ya yuniti 50,000 kila wiki, na amenigawia zake. Nianze? Vinginevyo najitunza: kila usiku nakimbia kwenye mashine, nimepunguza kula na uzito umeshuka. Hedhi tu ndiyo imekata, huu mwezi wa tano, na nimepima, si mjamzito.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole zangu. Kapsuli za rafiki yako mrudishie, sababu nitakueleza. Ila barua yako imebeba jambo zito kuliko vitamini D, na umeliweka mwishoni kabisa kana kwamba ni dogo: hedhi.

Ovari zikifanya kazi sawasawa hutoa estrojeni, na homoni hiyo ndiyo inayozuia mfupa usimeng'enyuke kwa kasi kuliko unavyojengwa. Mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachoupa hubana matumizi, na uzazi ni miongoni mwa mambo unayoyasimamisha mapema. Estrojeni ikishuka, hedhi hukata na mfupa huanza kupungua bila kuuma popote. Wakimbiaji wa kike wengi huligundua tatizo hili pale ugoko unapouma wiki baada ya wiki, wakipigwa picha mfupa unakutwa na ufa. Wewe yamekukuta katika umri mbaya. Binti hujenga sehemu kubwa kabisa ya mifupa yake kabla ya kutimiza miaka 20, na kilele chake hukifikia katika ile miaka ya ishirini uliyomo sasa. Hakuna kidonge cha vitamini D kinachoziba pengo la estrojeni.

Sisemi vitamini D haina kazi. Bila hiyo utumbo hufyonza asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyomo kwenye chakula. Ikitosha, hufika 30 hadi 40. Mtu mzima aliyepungukiwa sana mifupa yake hulainika na kuuma, mapaja huishiwa nguvu, hata kupanda ngazi kukawa kazi. Nawe unayeshinda ndani unaweza kweli kupungukiwa. Jua la dirishani halikusaidii, kwa sababu kioo huzuia mionzi ambayo ngozi huitumia kuitengeneza.

Kwa umri wako kinachohitajika ni yuniti 600 kwa siku. Soma lebo kwa makini, maana chupa nyingine huandika mikrogramu: mikrogramu 1 ni yuniti 40, kwa hiyo kile kidonge kinachoonekana kidogo cha mikrogramu 125 ni yuniti 5,000, na kikomo cha mtu mzima asiyesimamiwa na daktari ni 4,000. Hizo 50,000 ni dawa ya kutibu upungufu uliokwisha kupimwa. Zikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu isiyoisha, kukojoa kila mara, choo kigumu, mawe kwenye figo. Na wingi wenyewe hauimarishi mfupa. Australia, wanawake wazee walipewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mara moja kwa mwaka. Matokeo yalipotoka 2010, walikuwa wameanguka na kuvunjika zaidi ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Basi nenda hospitali wiki hii, usingoje mwezi wa sita. Andika tarehe ya hedhi ya mwisho, uzito wako wa zamani na wa sasa, na umtaje mama na mkono wake. Kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu, sema, kwa kuwa nayo hukata hedhi na kupunguza mfupa, ingawa hali hurejea ukiiacha. Daktari atapima homoni zako, na hapo vitamini D nayo inaweza kupimwa katika damu hiyohiyo. Kabla ya siku hiyo, pumzisha mashine na urudi kula mlo kamili, wa asubuhi ukiwemo.