Usiniombe faili, niambie paja lako lina urefu gani

Kuna kaka mmoja ameniandikia juzi kutoka Bungoma, ameona picha zangu nikiwa nimevaa ile suti ya filamu ya Elysium niliyojitengenezea, anasema "mkuu kazi safi sana, nitumie zile faili niprinti nianze wikendi hii". Nilimwambia asante tu nikanyamaza, kwa sababu jibu lenyewe haliwezi kutosha kwa meseji. Leo ndio namjibu, yeye na wengine wote mmekuwa mkiniuliza hilo hilo, na mko wengi.

Faili ninazo, yaani michoro ya kompyuta ambayo mashine inafuata kukata au kuprinti kila kipande. Vipande 64, kuanzia bega mpaka kifundo cha mguu, na sina uchoyo nazo. Lakini nikikutumia vile zilivyo utarudia kosa nililofanya mwaka 2024, na hilo kosa lilikula pesa yangu, likala miezi mitano, na likaniachia aibu ambayo bado inauma.

Kwa wale hawajaiona, Elysium ni filamu ya 2013 ya Neill Blomkamp, yule mzaliwa wa Johannesburg. Matt Damon anaigiza Max, mfanyakazi wa kiwanda aliyepigwa na mionzi na kubakiwa na siku tano za kuishi, ndio wanamfunga mifupa ya chuma juu ya mwili wake, mgongo wa chuma, mikono, miguu, na wanaifunga kwa kumtoboa, zinaingia mpaka kwa mfupa. Niliiona kwa kibanda cha video Nyalenda, hapa Kisumu, nikiwa kidato cha pili na nikatoka pale nikijua kuna siku nitaivaa. Kilichonishika ni kwamba haimfichi mtu. Suti nyingine zinamfunika mtu kama gari, hii unaona jasho lake na chuma kwa pamoja.

Basi 2024 nikapata laptopu ya mitumba, nikaweka FreeCAD, programu ya kuchora vitu kwa vipimo, kwa sababu ni ya bure na ukishaiweka haikuombi intaneti, na mimi ni mtu wa bando. Nikachukua skrinshoti kama mia mbili hivi za filamu. Damon ana urefu wa sentimita 178, mimi nina 170, kwa hivyo nikafanya hesabu, kila kitu kwenye picha nikapunguza kwa huo uwiano, nikachora usiku baada ya usiku mpaka vipande vyote vikakaa kwenye skrini vizuri kabisa. Nilikuwa nazungusha ule mchoro na maus naona ni kama niko Hollywood. Hapo ndipo kosa lilikuwa limeshaingia na sikuliona.

Vipande vikubwa nilikatiwa kwa ile bodi nyeupe laini ya PVC ambayo watu wa mabango wanakatia herufi, ni nyepesi na ukipiga msasa na rangi inakuwa chuma kabisa kwa macho. Hapa nisikilize vizuri: ile bodi ikatwe kwa routa ya CNC, mashine ya kukata kwa biti inayoongozwa na kompyuta, usikubali mtu akuwekee kwa mashine ya leza, PVC ikichomwa na leza inatoa gesi ya asidi inayoharibu mapafu na hata mashine yenyewe inaota kutu. Na ukipeleka faili ya DXF, ile ya mchoro inayosomwa na mashine, mwambie fundi kwa mdomo kwamba vipimo ni milimita, maana yangu ilifunguka kwa inchi, kila kipande kikawa mara 25.4, yule kijana akaniuliza kama hili ni bango la ghorofa. Jambo lingine, biti ya routa ni ya mviringo, haiwezi kukata kona ya ndani ikawa kali, inabaki imejipinda. Kwa hivyo kama kipande kinaingia ndani ya tundu la kipande kingine, ongeza kashimo kadogo kwa kila kona kwenye mchoro. Mimi sikujua, nilishinda siku mbili na kisu nikirekebisha kona.

Vidogo viliprintiwa kwa printa ya 3D, kwa plastiki inayoitwa PLA. Stima ilipotea mara ngapi sijui, na hata printa inayokumbuka ilipofikia haikusaidii kama kipande kimeshapoa na kung'oka kwa meza. Halafu nikapaka rangi nyeusi, nikavianika juu ya mabati ya banda la kuku ili vikauke haraka, saa saba mchana, jua la Kisumu mnalijua. PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Nilipopanda kuvitoa, kifuniko cha bega kilikuwa kimelala kama chapati. Vipande tisa vikaenda. Anika kwa kivuli.

Nisiwachoshe na hiyo miezi. Niliimaliza, nikaiweka kwa magunia mawili, nikapanda basi la usiku kwenda Nairobi kwa shindano la kosplei, pale watu wanavaa kama wahusika wa filamu. Nilivaa, nikasimama, picha zikapigwa, watu wakasogea. Nikaitwa jukwaani. Nikatembea hatua kama sita na goti la kulia likaanza kupanda, yaani bawaba yote inateleza kuja juu ya paja, lakini nikaendelea. Halafu nikafanya kitu cha kawaida kabisa, nikainama kuwasalimia majaji.

Mgongo niliochora ulikuwa fimbo moja ndefu, ngumu, kutoka kiunoni mpaka shingoni. Nilipoinama, mwili wangu ulirefuka na fimbo haikurefuka. Juu ikanigonga kisogo, chini ikang'oka kwa mshipi, bega la kushoto likapasuka na mkono wote ukaanguka pale mbele ya watu. Mshereheshaji akasema kwenye maiki "roboti imekufa", ukumbi wote ukacheka. Mtu alirekodi. Ile video ilinifikia kwenye WhatsApp kabla basi halijafika Naivasha, kutoka kwa jamaa niliyesoma naye, na mpaka leo sijawahi kumjibu.

Nilifika nyumbani nikatupa magunia kwa shangazi yangu, anashona nguo Kondele, nikamwambia "waya", ndivyo Waluo tunavyomwita shangazi, "hivi vitu vichome". Hakuvichoma. Alifungua gunia, akatoa kile kipande cha paja, akakiangalia, akakiweka juu ya paja langu nikiwa nimekaa. Akaniuliza, "Baba, hapa ulimpima nani?" Nikamwambia nilipima kwenye filamu. Akanyamaza kidogo. "Mtu akiniletea picha ya bwana harusi wa gazeti anataka suti kama ile, mimi nachukua mtindo kwa picha. Vipimo nachukua kwake."

Akavuta tepu kutoka shingoni mwake akanipima pale pale. Paja langu, kutoka ule mfupa wa nyonga unaozunguka ukiinua mguu mpaka katikati ya goti, tepu ilisema 45. Mchoro wangu ulikuwa na 41. Mimi ni mfupi kuliko Damon lakini nina miguu mirefu, na zaidi ya hapo ile picha ilipigwa kutoka chini, kamera ikiwa karibu, kwa hivyo hata paja lake mwenyewe sikuwa nimelipima sawa. Sentimita nne. Bawaba ilikuwa inakaa juu ya goti, kila nikikunja mguu inatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni juu. Halafu akanipima mgongo nimesimama: 46. "Inama." Nikainama, tepu ikateleza chini ya kidole chake mpaka 54.

Sentimita nane. Niliangalia ile tepu nikaelewa kila kitu kilichotokea jukwaani.

Kwa hivyo kaka yangu wa Bungoma, sasa unajua kwa nini sikukujibu siku hiyo. Kwenye filamu Max ametobolewa, chuma kimeshikana na mfupa. Wewe hutatobolewa. Suti yako itashikwa na mikanda juu ya ngozi inayoteleza, na kitu pekee kitakachoizuia isihame ni kila bawaba kukaa mahali kiungo chako kinazungukia. Kiwiko ni rahisi, shika ile mifupa miwili inayochomoza pembeni, mhimili uko hapo. Goti ni gumu zaidi kwa sababu halizunguki mahali pamoja, linateleza kidogo likikunjwa, kwa hivyo upande wa paja usitoboe shimo la duara, toboa mfereji wa kama sentimita mbili ili bolti itembee. Mgongo usiwe fimbo. Wangu wa sasa ni vipande kumi na moja vinavyopandiana kama magamba ya samaki, vimefungwa kwa lastiki pana ile ya kiuno cha sketi, waya ndiye aliyeishona, na nikiinama vinafunguka sentimita nane, nikisimama vinarudi.

Suti ya pili niliichora upya yote. Sikurekebisha ile ya kwanza, usijaribu kurekebisha mchoro uliojengwa juu ya vipimo vya mtu mwingine. FreeCAD ina jedwali ndani yake, unaandika paja 45, mgongo 46, kila kipande kinasoma kutoka pale, ukibadilisha namba suti yote inajinyoosha yenyewe. Na tumia toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 au la baadaye, sio yale ya zamani, maana kwa zamani ulikuwa ukibadilisha mchoro wa chini mashimo ya juu yanahama au yanapotea kabisa, niliwahi kulia kwa hilo saa nane usiku.

Viungo nimeweka bering 608, ndani milimita 8, nje 22, unene 7, kwenye kuprinti tundu nalichora 22.2 ndio iingie kwa kusukuma na gumba. Zile pistoni ambazo kila mtu ananiuliza ni pampu za baiskeli. Nilizitoa soko la Kibuye kwa mzee anayeuza vyuma vikuukuu, nilikuwa nataka shoki za buti ya gari, akanipimia moja mkononi akasema "kijana wangu, hii utabeba mguu wenyewe ukuchoke". Pampu ni nyepesi, inateleza safi, ukiipiga msasa inang'aa.

Mwaka huu niliivaa kuanzia Kondele. Nilikaa kwenye matatu nayo, nikashuka mjini, nikatembea mpaka ziwani na kurudi, nikachuchumaa kufunga kamba ya kiatu mbele ya watoto wa shule, nikainama, nikainuka. Masaa manne mazima. Goti halikupanda hata kidogo. Hakuna jukwaa lilikuwapo wala jaji, na sikuhitaji.

Sasa nitasema kitu na nisikike vizuri. Vijana wa huku tuna mikono na tuna akili, lakini tumezoea kuomba. Tunaomba faili, tunaomba linki, tunataka kitu kilichomalizwa na mtu wa nje tukiingie kama nguo ya mitumba, kisha kikitubana tunasema sisi ndio hatufai. Mimi nilijiona sifai mwaka mzima kwa sababu ya sentimita nne. Jifunze kuchora mwenyewe! Leo hii mafundi wawili wa Kibuye wananiita niwachorie mageti kabla hawajakata chuma, wananilipa, na hiyo kazi niliipata kwa sababu ya suti ambayo jirani waliita mchezo wa watoto. Usikubali mtu akuambie ni mchezo. Na usiharakishe. Wikendi haitoshi, hata kupima tu fanya siku mbili tofauti.

Kwa hivyo kaka, tafuta fundi wa nguo, usijipime mwenyewe, ukiinama kuangalia tepu kipimo kimeshabadilika. Mwambie akupe bega mpaka kiwiko, kiwiko mpaka kifundo cha mkono, nyonga mpaka goti, goti mpaka kifundo cha mguu, upana wa mabega, halafu mgongo mara mbili, umesimama na umeinama. Namba saba. Nitumie hizo na usiku huo huo naziingiza kwa jedwali, asubuhi unapata faili zote 64 zikiwa zako.