Mkopo wa laki tano kukupa 510012: shida ni kikofia

Mkuu, umeuliza kwa nini mkopo wa laki tano wa kikoba chenu cha Pongwe, riba asilimia 2 kwa mwezi kwa miezi 12 na riba inazaa riba, ukiandika 500000 * 1.02 ^ 12 kwenye JavaScript (lugha ya kuandikia programu za kurasa za mtandao) unaletewa 510012. Itazame hiyo namba mkiani: 12 yako imekaa pale pale, nzima nzima.

Kikofia hicho (^) umekizoea kwenye Excel, na kule kweli ni kipeo. Kwenye JavaScript kinalinganisha biti za namba mbili, yaani zile 0 na 1 ambazo kompyuta huandikia namba: zikitofautiana kinaandika 1, zikifanana 0. Kuzidisha kunatangulia, kwa hiyo imepatikana kwanza 510000, ambayo biti zake nne za mwisho ni sifuri tupu, halafu 12 ikatua humo. Ubaya wake hakipigi kelele. Hakuna maandishi mekundu, na jibu linafanana kabisa na pesa.

Weka nyota mbili: 500000 * 1.02 ** 12. Utapata 634120.897 na mkia mrefu, na Math.round, inayokadiria kwenye namba nzima iliyo karibu, inakupa 634121. Nyota hizo ziliingia kwenye lugha mwaka 2016. Kabla yake ilikuwa Math.pow(1.02, 12), na bado inafanya kazi. Navitengenezea hesabu vikundi kadhaa hapa Tanga mjini, Ngamiani mpaka Chumbageni, na simu za wanachama wengine ni za zamani kweli, ndiyo maana Math.pow sijaiacha.

Sasa angalia fomu yako ya kujazia riba na miezi, maana hapo nyota hazikusaidii. Kinachotoka kwenye kisanduku ni maandishi hata kama ni tarakimu tupu. Mweka hazina akijaza 0.02 nawe umeandika (1 + riba) ** miezi, alama ya kujumlisha inabandika tu: "10.02". Kipeo kinataka namba, basi maandishi hayo yanageuzwa namba kimya kimya, na mama wa watu anaambiwa anadaiwa zaidi ya trilioni laki tano. Andika Number(riba) kabla ya kujumlisha chochote.

Na aliyekushauri utumie BigInt, achana naye kwa hili. BigInt ni aina ya namba kwenye JavaScript, ya namba nzima kubwa mno. Desimali haipokei, na 1.02 ni desimali.

Ikigoma tena, bandika mistari yenyewe ya fomu, siyo picha ya skrini.