Usitanue upinde wa meno kwa namba ya Pont peke yake

Ndugu, unasema jumla ya upana wa meno manne ya mbele ya juu ni milimita 32, magego ya kwanza ya juu, la kulia na la kushoto, yameachana 46, na kanuni ya daktari wa meno Pont, inayokadiria upana wa upinde kutokana na meno hayo manne, inadai 50. Je, utanue hizo 4? Mimi nisingetanua. Hesabu yako ni sahihi: 32 mara 100, gawanya kwa 64. Tatizo ni kanuni yenyewe. Pont aliitoa mwaka 1909 kwa vipimo vya Wafaransa, na watafiti walioijaribu katika jamii nyingine wamekuta uhusiano hafifu kati ya upana wa meno hayo na upana wa upinde. Tena jino la pembeni kati ya hayo manne likiwa dogo kama kigingi, jibu lote linapotoka. Mwambie mgonjwa aume, utazame kama magego ya juu yameingia ndani ya ya chini. Kama hayajaingia, msongamano wa meno utafutie nafasi kwa njia nyingine.