Saini haithibitishi mahali

Ndugu, umeuliza kama nodi (vifaa vya mtandao wa redio vinavyopitishiana data) zikitia saini ya kidijitali ujumbe wa kutangaza mahali zilipo, njia ya pakiti, yaani vipande vya data, itakuwa salama. Kwa sehemu tu. Saini inaonyesha nani kasema, haionyeshi kwamba alichosema ni kweli.

Chukua GPSR, itifaki (kanuni za kupitisha pakiti kwa kufuata mahali nodi zilipo) ya Brad Karp na H. T. Kung ya mwaka 2000. Kwa kawaida kila nodi humpa pakiti jirani aliye karibu zaidi na mpokeaji. Sasa nodi yenye ufunguo halali wa kutia saini ikidai iko mita chache tu kutoka kwa mpokeaji, majirani wataimiminia pakiti, nayo itazitupa kimya kimya. Saini zote sahihi, data imepotea!

Ndiyo maana nasisitiza umbali upimwe. Tuma swali la nasibu, lisiloweza kutabirika, pima muda wa jibu kurudi. Mawimbi ya redio husafiri kama sentimita 30 kwa nanosekunde. Mwongo anaweza kuchelewesha jibu aonekane mbali, lakini akiwa peke yake hawezi kuliharakisha aonekane karibu. Wapimaji watatu wakimzunguka kwa pembetatu, akidai yuko sehemu nyingine ndani ya pembetatu hiyo atalazimika kuonekana karibu zaidi na mmoja wao, na hapo ananaswa. Kazi ngumu ni saa: kosa la mikrosekunde 1 katika kwenda na kurudi ni mita 150 nzima.

Wakishirikiana waongo wawili, kipimo hiki kinaweza kudanganywa, kwa hiyo data nyeti ipitishe pia njia ya pili.