Kwa nini Ford za zamani zilipanda mlima kinyumenyume?

SWALI: Nimeona picha ya zamani ya mji mdogo wa wachimba dhahabu Marekani. Ford Model T inapanda mlima kinyumenyume, watu wamejaa barazani wanaitazama. Fundi wangu anasema injini zile zilikuwa dhaifu, na kwamba Corolla yangu inayokohoa nikipanda Kitonga ina ugonjwa huohuo: nishushe injini, au nianze na dawa ya kumimina kwenye tangi. Ni kweli? – Msomaji, Iringa

JIBU: Si kweli, na hiyo dawa usiinunue.

Model T (1908 hadi 1927) ilikuwa na nguvu farasi 20 tu, lakini shida kwenye mlima mkali ilikuwa mafuta. Gari halikuwa na pampu. Nyingi ziliwekwa tangi chini ya kiti cha mbele, petroli ikateremka yenyewe hadi kwenye kabureta. Mlima ukiwa mkali na tangi limepungua, kabureta inakuwa juu kuliko petroli, injini inazima. Geuza gari, tangi linakuwa juu. Tena rivasi yake ilikuwa na nguvu ya kuvuta kuliko gia ya kwanza: uwiano wake 4 kwa 1, wakati wa gia ya kwanza ni 2.75 kwa 1. Katika mji kama Deadwood, South Dakota, ulioanza 1876 kwa dhahabu na kubanwa ndani ya korongo, dereva aliyepanda kinyumenyume alikuwa anajua anachofanya. Geji ya mafuta hakuwa nayo. Alimshusha abiria, akanyanyua mto wa kiti, akafungua kifuniko na kuchovya kijiti aone petroli imebaki kiasi gani. Huyo alitafuta mafuta kwanza, ndipo akailaumu injini. Mafundi wetu wengi wanaanza na ringi za pistoni!

Corolla yako, kama ni ya mfumo wa sindano (nozeli zinazonyunyizia petroli badala ya kabureta), ina pampu ya umeme ndani ya tangi, kwa hiyo kurudi nyuma hakutakusaidia kitu, na Kitonga yenye malori utauawa. Funga geji ya presha kwenye njia ya mafuta, kagua filta na chujio la pampu. Ni kazi ya asubuhi moja.

Dawa za tangi ndizo zinazonichosha. Hazikuanza jana. Mwaka 1916 Louis Enricht wa Farmingdale, New York, aliwaita waandishi wa habari, akachanganya maji na kimiminika cha kijani akidai ni mbadala wa petroli, gari likawaka, watu wenye akili zao wakamwamini. Baadaye alifungwa kwa utapeli mwingine. Leo kichupa kinauzwa stendi, kimeandikwa kinasafisha nozeli, kinaongeza nguvu, kinapunguza ulaji wa mafuta na kuziba moshi, vyote kwa pamoja. Hakuna kimiminika kinachozibua filta iliyojaa tope wala kufufua pampu iliyochoka. Na fundi anayekutajia kushusha injini kabla hajafunga geji, chukua ufunguo wako uondoke, hata kama ameshafungua boneti.