Uvimbe Usiouma: Usikubali Ukatwe Kabla Haujapimwa

Aliyegundua wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Mdogo wangu alikwenda kupimwa suruali, fundi akazungusha futi kwenye paja la kulia, akazungusha la kushoto, akarudia tena, kisha akamuuliza, "Kijana, mbona huku umezidi?"

Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda Morogoro. Miezi michache kabla alikuwa ameanguka na pikipiki, kwa hiyo nyumbani tulisema ni damu iliyovilia. Mama akawa anamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Uvimbe wenyewe haukuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililotudanganya. Kwetu ugonjwa ni maumivu, kisichouma kinasubiri.

Ulipofika ukubwa wa yai la kuku, alikwenda hospitali moja. Daktari aliubonyeza, akasema ni mafuta tu. Hakupigwa picha yoyote. Akachomwa ganzi, akakatwa, akashonwa, na jioni alikuwa nyumbani. Mimi nikamuuliza muuguzi kile kinyama kimepelekwa maabara gani. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, kile kimeshatupwa." Nikaitikia tu. Sikujua kwamba nilikuwa na haki ya kukidai, na mpaka leo naumia nikikumbuka.

Baada ya miezi minne uvimbe ukarudi chini ya kovu lile lile, mgumu kama embe bichi, ukiusukuma hausogei. Tukapewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Wakachukua kinyama kwa sindano nene, na majibu yakaja: sarkoma ya tishu laini.

Neno hilo sikuwahi kulisikia. Saratani tunazozizoea, za matiti, shingo ya kizazi au tezi dume, huanzia kwenye utando unaofunika viungo na tezi. Sarkoma huanzia kwenye vile vinavyoushika na kuuunga mwili: mfupa, gegedu, misuli, mafuta, mishipa ya damu. Kwa watu wazima ni nadra, kama 1 tu katika kila saratani 100, lakini kwa watoto sehemu yake ni kubwa zaidi. Na aina zake zinazidi 50. Ndiyo maana daktari wa kawaida anaweza kufanya kazi miaka mingi akaona wagonjwa wachache sana.

Daktari wa Dar alitueleza kwa mfano ambao sijausahau. Sarkoma inapokua huzisukuma nyama za pembeni mpaka zinajikunja kama ganda kuizunguka. Mpasuaji akifungua, inachomoka vizuri kama kokwa la parachichi, naye anaamini kaimaliza. Kumbe ganda lililobaki lina mbegu zake. Sarkoma hutolewa pamoja na nyama nzima inayoizunguka, na mpango huo huanza kwenye picha kabla ya kisu.

Tena kovu la kwanza lilikuwa limekatwa kukingama paja, kama mkanda. Kwenye mguu au mkono mkato hufuata urefu wa kiungo, kwa sababu kila mahali kisu kilipopita patatakiwa kuondolewa. Hivyo upasuaji wa pili ulichukua nyama nyingi kuliko ambavyo ungechukua mwanzoni. Kabla yake alipigwa mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5. Tulikaa kwa shangazi Mbagala, tukidamka alfajiri kuwahi daladala.

Kwa hiyo ndugu yangu, uvimbe unaoendelea kukua, au ulio chini kabisa ya nyama, au unaokaribia sentimita 5, au uliokatwa ukarudi, usikubali ukatwe hivi hivi. Omba picha kwanza, MRI ikipatikana, yaani ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha nyama za ndani, halafu kinyama kwa sindano. Watu watakwambia kansa ikichokonolewa inasambaa. Sindano ikichomwa na mtu anayejua, kwenye njia ambayo mpasuaji ataiondoa baadaye, ndiyo inayookoa mguu. Na omba kipimo cha CT cha kifua, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani kipande kwa kipande, maana sarkoma husafiri kwa damu na mara nyingi hutua kwenye mapafu.

Wenye watoto walio kwenye umri wa kurefuka, sikilizeni goti. Saratani ya mfupa iitwayo osteosarkoma hupenda sana karibu na goti, na maumivu yake huamsha mtoto usiku. Tunasema kaumia mpirani. Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekuja kukimbia kwa mguu wa bandia kuchangia utafiti wa saratani, alidhani goti lake liliharibiwa na ajali ya gari, kumbe ni saratani hiyo hiyo. Mwaka 1977 akakatwa mguu, ana miaka 18. Ajali haileti sarkoma. Inachofanya ni kutufanya tupaangalie mahali ambapo tayari pana kitu, kisha tunailaumu, kama tulivyoilaumu pikipiki.

Sarkoma ya Kaposi, ile ya madoa meusi au ya zambarau inayoonekana zaidi kwa wenye VVU, ni habari nyingine: ina kirusi chake, na tiba huanza na ARV, wengine wakiongezewa dawa za saratani.

Mdogo wangu anatembea. Paja la kushoto sasa ni jembamba kuliko la kulia, na kila baada ya miezi mitatu anarudi kupigwa picha ya kifua. Siku tatu kabla ya safari hiyo halali vizuri, nami silali.

Kama wewe au ndugu yako ameshakatwa uvimbe na hujaona karatasi ya majibu, rudi pale wiki hii uulize kinyama kilipelekwa wapi. Kama kilipelekwa maabara, vipande huhifadhiwa kwenye nta na vinaweza kusomwa upya na mtaalamu mwingine. Kama kilitupwa, omba wakuandikie hivyo, uchukue rufaa kabla uvimbe haujarudi.