Chanjo ya bure haina nguvu?

SWALI: Mwanangu ana miezi 5. Alichomwa ya kuzaliwa na za wiki 6, kisha nikaenda Kilosa kumuuguza mama, tukakaa huko miezi mitatu. Naambiwa nikirudi kliniki wataanza upya. Jirani naye anasema za serikali ni bure kwa sababu hazina nguvu, na kuna duka la dawa hapa mtaani wanachoma "orijino" kwa elfu arobaini. Nifanyeje? (Mama Tariq, Chanika)

JIBU: Mama Tariq, chukua kadi ya mtoto, uende kliniki kesho asubuhi. Hakuna kuanza upya. Ataendelea na dozi ya pili ya penta (sindano moja inayokinga magonjwa matano), ya nimonia na matone ya polio, na baada ya wiki 4 ya tatu. Surua na rubela inabaki palepale, miezi 9 na miezi 18. Muuguzi akikufokea kwa kuchelewa, vumilia, atamchoma tu.

Hilo la jirani nalisikia karibu kila wiki, na limenichosha. Chanjo hizi zina bei, ila wewe ndiye hulipi. Serikali inatoa fungu lake, Gavi, ule ushirika wa kimataifa wa chanjo, inachangia, na UNICEF inanunua kwa ajili ya nchi nyingi kwa pamoja, kutoka viwanda ambavyo chanjo zao zimeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani. Anayenunua mchele kwa gunia hauziwi bei ya kibaba, na mchele ni uleule. Hata hospitali nyingi za binafsi hapa Dar huchukua vichupa vyao kwenye ghala la chanjo la halmashauri, kulekule zahanati yenu inakochukua. Ukilipa pale, umelipia huduma, kiti na feni.

Nguvu ya chanjo haipimwi kwa pesa. Tazama kichupa: kuna duara, na ndani yake kimraba. Kimraba kikiwa cheupe kuliko duara, joto halijaiharibu. Kikishafanana na duara, au kikawa cheusi zaidi, inatupwa. Mwombe muuguzi akuonyeshe, hakuna siri. Ila alama hiyo haisemi lolote kuhusu baridi. Penta ikiganda imekwisha, na kimraba kitabaki cheupe. Ndiyo maana jokofu letu la kliniki linakaa kati ya nyuzi 2 na 8, na tunaandika joto lake asubuhi na jioni, Idi na Krismasi. Huyo mwenye duka, friji yake ya soda umeme ulipokatika juzi usiku, nani aliandika? Duka la dawa si kituo cha chanjo, hata mwenyewe akivaa koti jeupe.

Najua mwenye duka anapowapatia wateja. Mama anafika kliniki na mtoto wa miezi 9, anaambiwa "rudi Alhamisi", anaondoka akiamini serikali imeishiwa. Kichupa cha surua kina dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake kinadumu muda wa saa 6 tu. Wakiwapo watoto wawili, tunamwaga dozi 8, ndiyo maana tunawakusanya siku moja. Tungeweza kuwaeleza vizuri zaidi, hilo nakubali.

Halafu kuna usiku wa baada ya sindano. Mtoto anapata homa kidogo, paja linavimba, na watu walewale waliosema chanjo haina nguvu sasa wanasema imezidi nguvu, au ni "meno ya plastiki". Anaitwa fundi na spoku ya baiskeli, anachokonoa fizi, anaonyesha kitu cheupe. Kile ni jino changa la mtoto wako, ambalo bado halijaota. Nimepokea watoto waliotoka kwa mafundi hao wakivuja damu, na wengine fizi zimeoza. Homa ya chanjo huisha kwa siku moja au mbili: mnyonyeshe, mpunguzie nguo, mpe paracetamol ya maji kwa kipimo utakachopewa kliniki. Ikizidi hapo, au akikataa kunyonya, au akishikwa na degedege, mlete kituoni, hata usiku.